Miguu Haina Adabu

Wenzangu mliobaki kwenye zile meza tatu za dirishani, mliniomba niwaandikie jinsi vitabu vya vijana vinavyohaririwa. Sijui kulieleza jambo hilo kwa jumla. Najua tu nilivyolifanya mimi, hapa Kisumu, tangu nilipoingia nikiwa msichana aliyeacha shule kidato cha pili, hadi Ijumaa ile mliponikatia keki yenye jina langu likiwa limepungua herufi moja. Niliiona. Nilinyamaza kwa sababu keki ilikuwa nzuri.

Vyeo na mishahara naviruka. Havina msisimko, na kazi hii ilinisisimua hadi siku ya mwisho. Hata leo nikisikia mtoto anasoma kwa sauti dirishani kwa jirani, nasimama na sufuria mkononi.

Siku yangu ya kwanza niliajiriwa kupanga kurasa. Mashine ilikuwa nyuma ya jengo, na karatasi zilizochapwa zililundikwa juu ya meza ndefu. Sisi wasichana tulizunguka meza ile tukiokota karatasi moja moja hadi kitabu kitimie, kisha tukaanza kingine. Kufikia saa ya chai nilikuwa nimeachwa nyuma sana. Msimamizi akanipeleka kwa mhariri mkuu, Mzee Ochola, mtu mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Huyu hapangi, Mzee. Huyu anasoma."

Mzee Ochola akaniangalia. "Unasoma nini?"

"Kurasa za kulia, Mzee. Za kushoto zinaangalia chini."

"Na hadithi inaeleweka?"

"Inaeleweka, Mzee. Huyo mjomba angeweza kutoka na isijulikane kama alikuwepo."

Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Mjomba yule alikuwa kwenye kurasa zaidi ya arobaini. Kesho yake nilipewa kiti karibu na meza yake, na kwa miaka mingi iliyofuata aliniita nyathina, yaani mwanangu, hata aliponikaripia. Hasa aliponikaripia.

Vifaa vyetu siku hizo vilikuwa wembe, gundi, rula ya chuma na balbu moja iliyoning'inia. Neno likikosewa, ulilichapa upya pembeni, ukalikata kwa wembe na kulibandika juu ya lile la zamani. Ilibidi ujiulize kama neno linastahili kukuchana kidole. Ninyi mna kompyuta, na kufuta hakuna maumivu. Silalamiki, kompyuta naipenda. Nasema tu kwamba mnafuta haraka sana. Kila asubuhi, kabla ya chai, nilisoma ukurasa mmoja wa kamusi. Nilipofika mwisho nilirudi mwanzo, maana ule wa kwanza nilikuwa nimeshausahau.

Lakini kifaa kikubwa alichoniachia Mzee Ochola kilikuwa darasa. Yeye hakukubali kitabu cha vijana kiende mtamboni kabla hakijasomwa mbele ya vijana. Tulibeba mswada hadi shule fulani, tukaomba vipindi viwili vya mchana, na kazi ikafuata sheria zake. Mwandishi hasomi wala hasemi, kwa sababu ataigiza na kuficha makosa yake. Mwalimu hasomi, kwa sababu anaogopwa. Anasoma mwanafunzi, tena si yule bora. Usiwaulize kama wamependa, kwa maana watasema ndiyo ili waende zao. Biskuti hutolewa mwisho. Tuliwahi kuzitoa mwanzo, na mswada wote ukasomwa juu ya sauti ya kutafuna.

Mhariri hukaa nyuma kabisa, kwenye benchi la chini, akitazama miguu iliyo chini ya madawati. Hadithi ikishika, miguu hutulia. Ikilegea, kiatu kimoja hukuna kingine, halafu goti linaanza kuchezacheza, halafu darasa zima linakuwa kama ng'ombe wanaofukuza nzi. Hapo unaweka alama pembeni mwa ukurasa.

"Mikono ina adabu, nyathina," Mzee alikuwa akisema. "Itapiga makofi hata kwa upuuzi. Miguu haina adabu. Amini miguu."

Mara ya kwanza kwenda peke yangu ilikuwa Katito. Mwandishi alikuwa mtu wa mbali aliyeandika kuhusu msiba katika kijiji cha huku kwetu. Katika sura ya pili baba alifariki Jumatatu. Sura ya tatu ikaanza Jumanne asubuhi, wakitoka makaburini. Miguu yote ikaanza kwenda kwa pamoja.

"Madam," kijana mmoja akasimama, "huyo mzee alikuwa mwizi?"

"Kwa nini?"

"Amezikwa haraka hivyo! Wajomba wa Nairobi wamefika saa ngapi? Na hema? Na ng'ombe?"

"Yawa, hata supu haijaiva!" msichana wa nyuma akadakia, na darasa likaangua kicheko hadi mwalimu wa jirani akachungulia. Nilirudi Kisumu nikiwa na furaha ya mtu aliyeokota kitu barabarani. Watoto wale hawakujua wananifundisha. Walikuwa wanamtetea tu maiti ambaye hakuwepo.

Mzee Ochola aliondoka kazini, na baadaye duniani, na tulimzika kwa siku zote alizostahili. Mimi nikaendelea na darasa. Vitabu vilipita mkononi vya aina nyingi, na kama mngetaka kimoja tu cha kujifunzia, ningewapa kile cha mwisho, cha Solange.

Solange alikuwa fundi cherehani pale mtaa wa Mamboleo, msichana wa miaka ishirini na kidogo, mwenye sauti ya chini na mkasi shingoni. Alikuwa amekimbia vita Kongo pamoja na mama yake na mdogo wake wa kiume, Pascal, mtoto wa miaka sita. Walipokuwa wakivuka Ziwa Tanganyika boti ilipinduka. Mama na binti waliokolewa. Pascal hakuonekana, hai wala maiti. Baada ya kambi na barabara nyingi, wale wawili wakafika Kisumu, wakapanga chumba kimoja nyuma ya maduka.

Hadithi yake aliiandika kwenye simu, katikati ya wateja, na kunitumia vipandevipande kwa ujumbe. Ilimhusu msichana, Neema, anayekimbia vita akiwa na mama yake na mdogo wake Daudi, na Daudi anapotea ziwani. Nilizisoma jumbe zile nimesimama. Niliposhuka kwenye ngazi za ofisi nilizisoma nikishuka, na mara moja nilimkanyaga mlinzi. Kwa kuwa simu ile ndiyo aliyohifadhia vipimo vya wateja, kuna mahali nilikuta: "Maji yalipanda, Neema akamshika Daudi mkono, kiuno thelathini na nne, mkono mrefu, zipu ya nyuma." Nilimpigia kumuuliza kama zipu ibaki. Alicheka, na ndiyo mara ya kwanza nilipomsikia akicheka.

Nilikwenda kwake Mamboleo tuzungumze kuhusu sura za mwisho. Mlango wa chumba chao ulikuwa na komeo zuri la chuma, jipya, ambalo halikuwa limewahi kusukumwa. Lilikuwa na rangi ya kiwandani bado.

"Mama hataki lifungwe," Solange aliniambia kwa sauti ndogo wakati mama yake akichemsha chai nje. "Anasema Pascal akifika asikute mulango umefungwa. Mimi ninalala na kamba. Upande mumoja mguu wangu, upande mwingine cherehani. Mwizi akivuta, tunaenda naye wote wawili."

"Na mama analala?"

"Anakaa kitandani. Anasikiliza."

Mama Solange akaingia na vikombe. Alikuwa mwanamke mwembamba, nadhifu, mwenye macho mekundu ya mtu asiyelala. Kila Solange alipomaliza kipande cha hadithi alimsomea yeye kwanza, kabla ya kunitumia mimi. Alinipa kikombe, akakaa, akaniinamia kama mtu anayetafuta habari za ofisini.

"Mama, wewe ndiyo mukubwa wa kile kitabu. Daudi atarudi sura gani? Huyu binti ananichelewesha."

Solange aliangalia mkasi wake. Nikaelewa kitabu kile kilikuwa kinabeba nini.

Aliuandika mwisho wiki hiyohiyo. Neema anakwenda kuchota maji asubuhi, anaona mtoto amesimama kwenye njia, amekua, ana kovu kwenye nyusi. Daudi. Meneja wetu aliupenda sana. "Hayo ndiyo matumaini," alisema. "Mzazi ananunua matumaini." Mimi mwisho ule niliusoma mara kadhaa, na kila mara nilikuta nimeanza kufikiria mboga za jioni. Lakini sikumwambia Solange. Angalikuwa mwandishi mwingine ningalimwambia. Huyu alikuwa na mtu anayesubiri kitandani, na alikuwa ameshanionya: "Mama, mukiondoa Daudi, ninaondoa kitabu chote."

"Twende darasani," nilimwambia. "Mimi na wewe tukae nyuma."

Tulikwenda shule moja karibu na Kombewa, kidato cha pili, darasa la Mwalimu Wesonga, mtu mnene mcheshi ambaye alishatuzoea na alikuwa na ugonjwa wa biskuti. Akasoma kijana mwenye kigugumizi kidogo. Na wenzangu, nawaambia, katika kazi yangu yote sijaona miguu ya namna ile. Boti ilipoanza kuingiza maji hakuna kiatu kilichosogea. Nzi alitua juu ya soksi ya mvulana aliyekuwa mbele yangu, akatembea hadi gotini, na goti halikumfukuza. Nilimbana Solange mkono kwa furaha hadi akasema "Aii."

Kisha tukafika kwenye njia ya maji na mtoto mwenye kovu. Darasa likapiga makofi. Solange akanigeukia, uso unang'aa.

"Umesikia, Mama?"

Nilimwonyesha chini. Viatu vilikuwa vinakunana. Goti moja lilicheza, la pili likajibu. Mvulana wa soksi alikuwa ameshageuka anatazama magari. Niliona Solange akiitazama ile miguu, kutoka benchi hadi benchi. Aliye na macho hahitaji kushikwa kichwa.

Katikati ya makofi, msichana mmoja hakupiga. Alikuwa Adhiambo, mdogo wa umbo, mwenye kola iliyoshonwa kwa uzi wa rangi nyingine. Akanyoosha mkono.

"Madam, naweza uliza? Kwani hao hawakuzika yago?"

Solange hakujua neno hilo. Yago ni tunda la mti wa mwegea, refu, zito, linaloning'inia kwa kikonyo kama kengele. Huku kwetu mtu akifia majini na mwili ukose kupatikana, familia hukata yago, huliweka mahali pa mwili, hulilia, na kulizika kaburini kama mtu. Nilimweleza Solange kwa kifupi.

"Baba yangu alienda kuvua omena," Adhiambo akasema. Alisema kama anayeeleza hesabu. "Mashua ikarudi bila yeye. Mama akawa halali. Tukichelewa kufunga mlango anasema acheni, acheni. Dani, huyo ni nyanya yangu, akasema basi, leteni yago. Tulipozika, mama alilala mpaka tukaogopa. Tukamwekea kioo puani kuona kama anapumua."

Watoto wakacheka, na Adhiambo mwenyewe akacheka. Solange alikuwa amekaa wima kama sindano.

Jioni hiyo alimsimulia mama yake. Siku iliyofuata nilipata ujumbe mmoja tu: "Mama amesema, mutoto wangu haiko tunda. Amezima taa." Halafu kimya. Ujumbe haukuja, wala vipimo. Nilipita Mamboleo nikamkuta kwenye cherehani, akanisalimia kwa heshima zote na kuniambia ana sare za kwaya za kumaliza. Meneja akaanza kuniuliza kila asubuhi kwa nini kitabu chenye mwisho mzuri kinanyimwa mtambo. Nilimwambia mwisho unakuja. Nilikuwa nasema nisichokijua, na moyo ulinidunda kwa namna ambayo mtu wa umri wangu angepaswa kwenda kupimwa.

Kisha Jumapili moja, nikiwa kanisani, simu ikatetemeka ndani ya mkoba. Ikatetemeka tena, na tena, hadi jirani yangu akanitazama kama mwenye dhambi. Nilitoka nje, nikasoma chini ya ukuta. Katika mwisho huu mpya Daudi harudi. Neema anapata rafiki mwenyeji, Achieng', ambaye familia yake imezika yago. Achieng' anamletea mama yake Neema tunda hilo, na mama anajibu maneno yaleyale: mutoto wangu haiko tunda. Halafu, kwa upole, anachukua mbegu za yago na kuzipanda mlangoni pa nyumba yao, ili kivuli kije kimsubiri mtoto. Ukurasa wa mwisho ni chipukizi.

Ulikuwa mzuri. Mimi mwenyewe nililia pale ukutani, na mimi ni mtu wa huku, niliyepaswa kujua. Ndiyo maana nawaambia msiniamini mimi wala msijiamini ninyi. Nendeni darasani.

Tukarudi Kombewa. Kijana wa kigugumizi akasoma. Miguu ilitulia, ilitulia, akafika "akachimba kando ya mlango, akaziweka mbegu," na darasa likalipuka.

"Wololo!"

"Anapanda yago nyumbani?"

"Ataua hao watu wote!"

"Mwalimu, huyo mama amerogwa?"

Mwalimu Wesonga, ambaye ni Mluhya wa Butere, akainua mikono. "Mimi niulizwe nini? Nyinyi ndio wenyewe."

Mvulana wa soksi, ambaye siku hiyo nilijua anaitwa Ouma, alisimama juu ya benchi. "Madam, hiyo haipandwi kwa boma! Huo ni mti wa matanga. Ukipanda mlangoni ni kama umeita kifo umeambia karibu chai!"

Nilijipiga paji la uso. Nimezaliwa Seme, ndani ya boma ambalo bibi yangu aling'oa mwegea uliojiotea mwenyewe, akiutukana, na chipukizi lile la kitabuni lilikuwa limenipita kwa sababu lilikuwa limeandikwa vizuri. Solange alikuwa ameficha uso mikononi. Nilidhani analia, nikamvuta. Alikuwa anacheka hadi machozi.

"Basi muniambie," akasimama, na ndiyo mara ya kwanza mwandishi wangu kuvunja sheria akasema darasani. "Nimekosea. Lakini yule mama hana boma. Ni mukimbizi. Amepanga chumba. Hata akikubali tunda, atalizika wapi?"

Hapo, wenzangu, palichemka. Ouma akasema mtu huzikwa kwao, basi wasubiri hadi vita iishe warudi Kongo. Msichana mwingine akamwambia, "Wewe, vita ya huko itaisha na tumezaa!" Mmoja akapendekeza makaburi ya mji. Wakamzomea, eti mtoto wa miaka sita alale kati ya watu asiowajua kama yuko hosteli. Mwingine akasema mwenye nyumba ya kupanga atoe kipande.

"Landlodi?" Ouma akauliza. "Landlodi atamlipisha maiti deposit!"

Mwalimu Wesonga alikuwa ameacha hata kupiga meza. Mimi nilikuwa nimesahau kutazama miguu.

Adhiambo hakuwa amesema. Alisimama, akaivuta kola yake.

"Si wamzike kwetu."

"Mgeni hazikwi kwa boma la watu!" Ouma akamjibu.

"Ni mtoto. Na baba yangu yuko pale peke yake. Alikuwa anapenda watoto, hata wenye makamasi kama wewe." Kicheko kidogo kilitoka na kufa. "Mtoto hawezi kulala peke yake. Si baba atamwangalia? Kwani baba yangu atakataa mtoto?"

Hata Ouma alikaa chini.

Solange aliandika palepale, kwenye benchi la nyuma, vidole gumba vikikimbia juu ya simu, wakati biskuti zikigawiwa. Hakula. Mwalimu Wesonga alimsaidia kula za kwake.

Sasa kulikuwa na jambo moja tu limebaki, na yeye ndiye aliyelisema tulipofika Mamboleo. "Mama sitamusomea hii. Siwezi kumuua Pascal ndani ya nyumba, mimi na yeye wawili tu. Acha aisikie na watu."

Ilikuwa wiki yangu ya mwisho kazini. Mlidhani nilikwenda Kombewa kuaga. Mama Solange alivaa kitenge cha kijani na viatu vya kanisani, akapewa kiti cha mwalimu, akakaa mbele ya darasa akiwatazama wale watoto mmoja mmoja. Niliogopa. Nimewahi kuona waandishi wakizimia, nimewahi kuona meneja akirusha kikombe, lakini sijawahi kuogopa ukurasa kama ule.

Safari hii Solange alimwomba Adhiambo asome, akamwambia mama yake kwamba huyu ndiye binti aliyezika yago la baba yake. Alisoma bila madoido, kidole chini ya mstari. Mama yake Neema anasema, mutoto wangu haiko tunda. Na Achieng' anamjibu: Baba yangu pia si tunda, Mama. Tunda ni letu sisi, tupate kulala. Kisha wanakwenda nyumbani kwa akina Achieng', dani anawaonyesha mahali, na wanachimba shimo dogo kando ya kaburi kubwa. Mama yake Neema analifunga yago kwa kitambaa, kama mtu anayembeba mtoto mgongoni, na halishushi shimoni haraka.

Adhiambo akamaliza. Hakuna aliyepiga makofi. Niliinama nikatazama chini ya madawati, kwa mazoea, na miguu yote ilikuwa imetulia sakafuni kama imepandwa.

Mama Solange alikuwa wa kwanza kusema. "Yale ni maneno yangu," alimwambia binti yake. "Umeniiba."

"Ndiyo, Mama."

Akamgeukia Adhiambo. "Huyu baba aliye pale. Alijua kuimba? Pascal hakulala bila kuimbiwa."

Ndiyo mara ya kwanza nilipomsikia akisema Pascal. Kwangu alikuwa amesema Daudi siku zote.

Adhiambo akafikiri. Alikuwa mtoto mkweli.

"Alikuwa anaimba vibaya sana, Mama. Lakini alikuwa haachi."

Darasa likacheka, Solange akacheka, na yule mama akatikisa kichwa taratibu, na kicheko kikamtoka kabla ya kilio.

"Basi itatosha," akasema.

Kitabu kiko mtamboni ninapoandika haya. Meneja aliusoma mwisho ule ofisini kwake, mlango umefungwa, akatoka akauliza kama biskuti zimebaki. Nikachukulia hiyo ni ruhusa. Kikichapwa tena, msiguse kitu kwenye sura ya mwisho, hata mkijua sarufi nzuri kuliko mimi. Watu wale wazungumze wanavyozungumza.

Ile Ijumaa ya keki, wakati mkinitafutia kisu, Solange alinipigia simu. Kulikuwa na upepo na sauti za watu sokoni, nikatoka hadi kwenye ngazi.

"Mama, niko nje ya nyumba."

"Kuna nini?"

"Nimetoka kupeleka sare za kwaya. Nimesukuma mulango, umekataa. Nimedhani umevimba na mvua. Nimesukuma na bega." Alikuwa anahema, na sikujua kama ni kicheko au nini. "Mama, ni komeo. Amefunga. Nimebisha, nimeita, majirani wote wametoka. Haamuki. Nimechungulia dirishani, amelala na viatu."

"Anapumua?"

"Anakoroma, Mama! Anakoroma mupaka pazia linacheza!"

"Basi usimwamshe," nilisema.

"Sasa mimi nitaingia wapi?"

"Kaa hapo mlangoni usubiri," nikamwambia, na nikasikia majirani wakimletea kiti.